Fikra chanya zinamfaa nani? Kisa cha kengele ya Waterloo

Mwanafunzi ameketi na kalamu mkononi. Ameagizwa aandike kwa dakika 4 kila kinachompitia kichwani, mawazo na hisia, bila kuchagua. Kila baada ya sekunde 15 kengele inalia, mlio kama wa kengele ya mlangoni. Ikilia, anatakiwa ajiambie: "Mimi ni mtu wa kupendwa." Kisha anaendelea kuandika mpaka ilie tena. Hadi muda unakwisha, amejiambia hivyo mara 16. Wenzake kadhaa wanaandika vilevile kwa muda uleule, ila wao hawakupewa sentensi yoyote ya kujiambia.

Tukio lenyewe ndilo hilo, halina makuu. Lilifanyika Chuo Kikuu cha Waterloo nchini Kanada, na matokeo yakachapishwa mwaka 2009 katika jarida la Psychological Science. Watafiti walikuwa watatu: Joanne Wood, Elaine Perunovic na John Lee. Nimelichagua kwa sababu ya udogo wake. Mjadala wa fikra chanya kwetu umekuwa mkubwa mno kiasi kwamba haushikiki, na kitu kidogo kinachoshikika kinasaidia.

Ukubwa wenyewe kila mtu anaujua. Washa redio kabla ya saa moja asubuhi utamkuta mhamasishaji anakuambia uamke ujitangazie ushindi. Fungua status za WhatsApp, nusu yake ni "mwaka huu ni wangu". Semina za ujasiriamali zinaanza kwa kumgeukia jirani na kumwambia kwamba wewe ni milionea, hata kama nauli ya kurudi umekopa. Kanisani kuna kukiri, na Mithali 18:21 kuhusu uwezo wa ulimi imenukuliwa mpaka watoto wanaijua. Maneno huumba, tunaambiana. Upande wa pili wapo wanaobeza: huo ni utapeli, maneno hayalipi kodi ya nyumba. Ukiwasikiliza wote wawili utagundua wanabishania jambo moja tu, kama fikra chanya zinafanya kazi au hazifanyi. Hakuna anayeuliza zinafanya kazi kwa nani.

Watafiti wa Waterloo waliuliza hilo.

Walivyowapima

Kabla ya kengele, washiriki walikuwa wamejaza dodoso la kujithamini, lenye kauli za kawaida kabisa za aina ya "kwa ujumla naridhika na nafsi yangu", ambazo mtu anazikubali au kuzikataa kwa viwango. Dodoso la namna hiyo linalotumika zaidi duniani ni la Morris Rosenberg, lina kauli 10 na limekuwepo tangu mwaka 1965. Waliochukuliwa ni wale wa pembeni: wanaojithamini sana na wanaojithamini kidogo. Wa katikati wakaachwa.

Baada ya zoezi ikabidi kupima hali ya moyo, na hapa walikuwa werevu. Ukimuuliza mtu ambaye ametoka kujisifu mara 16, "Je, unajisikiaje?", atakujibu anachodhani unataka kusikia. Kwa hiyo waliuliza kwa kuzunguka. Mojawapo ya maswali lilikuwa hili: kuna uwezekano gani mtu wa miaka 30 akawa katika mapenzi yenye furaha? Swali halimhusu anayejibu, na jibu sahihi halipo. Lakini mtu mwenye moyo mweupe siku hiyo huuona uwezekano huo kuwa mkubwa, na mwenye moyo mzito huuona mdogo. Anatoa siri yake bila kujua.

Majibu yakageuzwa alama, kubwa ikimaanisha moyo mwepesi zaidi. Wanaojithamini sana waliojisemea sentensi ile walipata takriban alama 31. Wenzao wa aina hiyohiyo ambao hawakujisemea walipata takriban 25. Sentensi iliwapandisha, si sana, lakini iliwapandisha. Wanaojithamini kidogo ambao hawakujisemea walipata alama kama 17. Na wanaojithamini kidogo waliojisemea? 10.

Zitazame hizo namba kwa upande mwingine. Bila sentensi, tofauti kati ya makundi mawili ilikuwa alama 8. Baada ya sentensi, ikawa 21. Zoezi ambalo kazi yake ni kumwinua aliye chini lilimwongezea aliye juu, likampunguzia aliye chini, na likatanua pengo kati yao. Tena kwa dakika 4 tu. Watu wanaoshauriwa kufanya hivi kila asubuhi mbele ya kioo hawashauriwi kufanya kwa dakika 4.

Katika utafiti uliotangulia huo, watafiti walikuwa wameuliza watu ni mara ngapi wanajisemea maneno mazuri na wanaona yanawasaidiaje. Wanaojithamini sana walisema wanayatumia na yanawafaa. Wanaojithamini kidogo walikuwa na mashaka zaidi, na baadhi walisema wakati mwingine yanawafanya wajisikie vibaya kuliko mwanzo. Kumbe walengwa wenyewe walikuwa wanajua. Hakuna aliyekuwa amewauliza.

Kichwa kinapojibu

Mchukue binti aliyekulia nyumba ambayo kila kosa lilikuwa lake. Sasa ana kazi, anajitegemea, lakini ndani bado anajiona mzigo. Mwambie aseme, "Mimi ni mtu wa kupendwa." Sentensi haijaisha, kichwa kimeshauliza: na nani? Mbona yule aliacha kupokea simu? Mbona kwenye kamati ya harusi ya binamu walinikumbuka siku ya mchango tu? Kila kengele inapolia, sentensi inaita ushahidi, na ushahidi ulio karibu ni ule wa kuipinga. Mara 16. Mtu huyu hajatumia dakika 4 kujipenda; ametumia dakika 4 kupitia faili la sababu za kutopendwa.

Kwa anayejithamini mambo ni kinyume. Sentensi ileile inaita marafiki, mama anayempigia kila Jumapili, mchumba. Kichwa kinaitikia, anaendelea kuandika.

Wanasaikolojia wanaochunguza ushawishi wamekuwa na maelezo ya hili tangu katikati ya karne iliyopita, hasa kupitia kazi za Muzafer Sherif na Carl Hovland. Kila mtu ana eneo la kauli anazoweza kuzikubali. Kauli ikiangukia ndani ya eneo hilo, au ikapita kidogo tu, inaweza kumsogeza. Ikiangukia mbali, haimsogezi. Mara nyingine inamrudisha nyuma zaidi. Mama lishe ukimwambia leo wali umekolea nazi, atatabasamu na kesho atakuwekea mchuzi wa ziada. Ukimwambia yeye ndiye mpishi bora Afrika nzima, atajiuliza unataka kukopa nini.

Kuna na maelezo ya pili, ya William Swann, kwamba watu huipenda picha yao waliyoizoea hata kama ni mbaya, kwa sababu angalau wanaijua. Anayejiona hafai akisifiwa hupatwa na wasiwasi badala ya raha: huyu akinijua vizuri itakuwaje? Mimi naona maelezo haya mawili hayagombani. La kwanza linaeleza kwa nini kichwa kinabisha, la pili kwa nini kinabisha kwa bidii.

Nusu ya kisa isiyosimuliwa

Matokeo ya kengele yalisambaa sana mwaka ule, na vichwa vya habari vilikuwa vilevile kila mahali: kujisifu kunadhuru. Wengi waliishia hapo. Lakini makala ileile ilikuwa na utafiti wa tatu, na kwangu mimi huo ndio unaostahili kusomwa mara mbili.

Safari hii wote walipewa sentensi ileile ya kupendwa. Tofauti ilikuwa kwenye agizo. Kundi moja liliambiwa lifikirie jinsi sentensi ile ilivyo kweli, na hilo tu. Kundi lingine liliambiwa lifikirie jinsi ilivyo kweli na pia jinsi isivyo kweli.

Kwa mantiki ya semina zetu, kundi la pili lilipaswa kuzama. Limeruhusiwa kuwaza hasi! Lakini miongoni mwa wanaojithamini kidogo, walioruhusiwa kuona pande zote mbili ndio waliotoka na hali nzuri ya moyo. Walioagizwa kuwaza mazuri peke yake ndio waliotoka wamenyong'onyea.

Fikiria kinachotokea. Umeambiwa uwaze sababu za kupendwa tu. Wazo baya likaja, kwa sababu litakuja. Sasa una hasara mbili. Ya kwanza ni wazo lenyewe. Ya pili ni kwamba umeshindwa kazi uliyopewa, kazi inayoonekana rahisi kuliko zote, kujiwazia mema kwa dakika chache. Wengine wote humu ndani wanaweza, wewe umeshindwa hata hilo. Lakini ukiwa umeruhusiwa kuona pande zote, wazo baya likija linakuwa sehemu ya kazi. Unaliandika, unaendelea, na mara nyingine unashangaa kwamba orodha ya mazuri nayo si fupi kama ulivyodhani.

Kwamba kulikataza wazo ni njia nzuri ya kuliita, hilo lilishaonekana mwaka 1987. Mwanasaikolojia Daniel Wegner aliwaambia wanafunzi wa Texas wasimfikirie dubu mweupe kwa dakika 5, na kila wakimfikiria wagonge kengele. Kengele ziligongwa kweli, kwa wastani zaidi ya mara moja kwa dakika. Hawa ni watu ambao hawakuwa na ugomvi wowote na dubu. Mtu anayejikataza kufikiria deni, talaka au mtihani aliofeli ana kazi kubwa zaidi.

Hapo ndipo ninapoyaona madhara ya fikra chanya kama zinavyouzwa. Sentensi nzuri yenyewe haina sumu. Sumu inakaa kwenye agizo linaloisindikiza: usiwaze kingine. Nalo agizo hilo lina ulinzi wake, maana likishindwa, kosa linarudi kwa mtumiaji. Hukuamini vya kutosha. Uliacha mlango wa shaka wazi. Mtu aliyeingia semina akijiona hafai anatoka na ushahidi mpya kwamba hafai, na risiti ya kiingilio mfukoni.

Mfamasia wa Nancy

Anayedhani hili ni jambo jipya amtazame Émile Coué. Alizaliwa Troyes, Ufaransa, mwaka 1857, akawa mfamasia. Dukani aligundua kwamba dawa aliyomkabidhi mteja kwa maneno ya kuisifu ilionekana kufanya kazi vizuri kuliko ileile aliyoikabidhi kimya. Akajifunza usingizi wa kuamrishwa (hipnosisi) kwa wataalamu waliokuwa wakiufanyia kazi mjini Nancy, baadaye akahamia mji huo na kuanza kupokea wagonjwa nyumbani kwake bila malipo. Sentensi aliyowapa ikazunguka dunia: "Kila siku, katika kila hali, nazidi kuwa bora." Waiseme mara 20 asubuhi na mara 20 usiku wakiwa kitandani, kwa sauti ya chini, wakihesabu kwa uzi wenye mafundo 20. Kufikia 1923 alikuwa anapokewa New York kama nyota.

Coué ndiye babu wa kila karatasi iliyobandikwa kwenye kioo cha kabati, lakini wajukuu hawakumsoma. Alisisitiza kwamba sentensi isisemwe kwa nguvu wala kwa kujilazimisha. Alifundisha kwamba utashi ukipambana na picha iliyoko kichwani, picha hushinda kila mara, na kadiri mtu anavyojikakamua ndivyo anavyopata kinyume cha alichokitaka. Waliomfuata waliichukua sentensi wakaliacha onyo, kwa sababu sentensi inauzika.

Halafu angalia sentensi yenyewe ilivyojengwa. Haisemi "mimi ni mzima". Inasema nazidi. Mgonjwa anaweza kuikubali bila kujidanganya, maana inazungumzia mwelekeo na inamwachia nafasi ya kuwa hajafika. "Mimi ni mtu wa kupendwa" haina nafasi hiyo, na "mimi ni milionea" ndiyo kabisa. Sina utafiti unaozilinganisha sentensi hizo, lakini kwa maelezo ya Sherif na mwenzake, yule mfamasia alilenga karibu na pale mtu alipo, na wahamasishaji wetu wanalenga mbali.

Pale panapouma zaidi

Kuna mahali ambapo sharti la kuwaza mema linavuka mipaka, nako ni wodini. Nazungumzia yale yanayosemwa pembeni ya kitanda. Usiseme una kansa, sema una changamoto. Usikiri ugonjwa. Usilie, machozi yanaualika. Mgonjwa ana maumivu, ana hofu, ana watoto ambao hajui nani atawasomesha, na sasa ana kazi ya ziada ya kutabasamu ili waliomtembelea wasikatishwe tamaa. Jioni, wageni wakiondoka, ndipo anamgeukia muuguzi wa zamu na kusema anaogopa.

Wanaosema hivyo wanampenda, sina shaka. Wanaamini wanarefusha maisha yake. Mwaka 2007 James Coyne na wenzake walichapisha ufuatiliaji wa wagonjwa 1,093 wa saratani ya kichwa na shingo waliokuwa kwenye majaribio ya tiba. Wakati wa ufuatiliaji, 646 walifariki. Hali yao ya kihisia haikutabiri nani angeishi muda mrefu zaidi. Wenye moyo mkunjufu hawakuishi zaidi, wenye huzuni hawakufa mapema. Kwa mgonjwa mwenye woga hii ni habari njema: anaweza kulia leo bila kujiona kwamba amejipunguzia siku.

Kwa upande wa anayetafuta kazi kuna ushahidi wa aina nyingine. Gabriele Oettingen, mwanasaikolojia Mjerumani, aliwafuatilia wahitimu wa chuo kikuu nchini kwao. Waliokuwa na njozi tamu zaidi kuhusu ajira, wakijiona tayari wamevaa vizuri wakiingia ofisini, miaka 2 baadaye walikuwa wametuma maombi machache, wamepata nafasi chache na mishahara midogo kuliko wenzao. Lakini usikimbilie kuhitimisha. Katika utafiti huohuo, waliokuwa na matarajio mazuri, yaani waliokadiria kwamba wana nafasi kubwa ya kupata kazi, walifanikiwa zaidi. Kutarajia na kuota ni mambo mawili. Anayetarajia anapima alichonacho, cheti, uzoefu, watu anaowajua. Anayeota anakula matunda kabla hajapanda, na mwili unatulia: Oettingen na Heather Kappes baadaye walipima shinikizo la damu na kuona njozi tamu zinalishusha, dalili kwamba mtu anapoa badala ya kujiandaa. Mwaka 2016 yeye na wenzake wakaonyesha kwamba wenye njozi tamu zaidi huwa na dalili chache za sonona siku wanapopimwa, ila huwa na nyingi zaidi baada ya muda. Njozi inatuliza leo na kudai kesho.

Dawa anayoipendekeza si kuacha kuota. Ota, kisha hapohapo jiulize ni kitu gani ndani yako kitakachokuzuia, na kikitokea utafanya nini. Inafanana mno na lile kundi la Waterloo lililoruhusiwa kuona pande mbili, ingawa watafiti hawa hawakuwa pamoja.

Pingamizi

Sasa nianze kukibana kisa changu mwenyewe, maana kina matundu.

Kubwa ni kwamba mwaka 2020 watafiti wawili wa Marekani, Flynn na Bordieri, walijaribu kurudia matokeo hayo na hawakuyapata. Wanaojithamini kidogo hawakuonyesha kuumia kama walivyoumia Waterloo. Hili si la kufichwa chini ya mkeka. Washiriki wa awali walikuwa wachache, na katika saikolojia majaribio yenye watu wachache yamekuwa yakishindwa kurudiwa mara nyingi mno kiasi kwamba ni busara kutoziamini namba zenyewe kwa ukubwa wake. Ile 10 dhidi ya 17 naichukua kama ishara ya mwelekeo, siwezi kuiapia.

Lakini hata tukiondoa madhara kabisa, wanaotetea kujisemea wanabaki na tatizo. Kutoyapata madhara si sawa na kuonyesha faida kwa walengwa. Chaguo basi linakuwa kati ya zoezi linaloumiza waliovunjika moyo na zoezi ambalo faida yake kwao haijathibitishwa. Na bado lile la njozi, la dubu na la wagonjwa yanasimama yenyewe, hayaitegemei Waterloo.

Pingamizi la pili ni kwamba wale walikuwa wanafunzi wa Kanada, kila mmoja na karatasi yake. Mtu anayekiri pamoja na mia mbili wengine, ngoma zikipigwa, akishikwa mkono na mama wa jumuiya ambaye kesho atakuja kumwona na kilo ya unga, anapata kitu ambacho sentensi peke yake haina. Nalikubali hili bila ubishi. Nadhani sehemu kubwa ya nafuu ambayo watu wanaipata katika ibada na vikundi inatoka kwa mkono ulioshikwa na unga ulioletwa, na sentensi inapewa sifa isiyo yake. Ukimpa mtu huyo rekodi ya maneno yaleyale asikilize peke yake chumbani, utaona tofauti.

Tatu, kipimo kilikuwa hali ya moyo ya muda uleule. Kujisikia vibaya kwa robo saa si kuugua. Kweli. Ila hoja hiyo inakata pande zote: kujisikia vizuri ukitoka ukumbini nako si kupona.

Isidhaniwe pia kwamba kila zoezi la upande wa matumaini limefeli. Mwaka 2005 Martin Seligman na wenzake walichapisha zoezi la kuandika kila usiku, kwa wiki moja, mambo matatu yaliyokwenda vizuri siku hiyo na sababu zake. Waliolifanya waliripoti furaha zaidi na dalili chache za sonona, na faida ikaonekana hata miezi 6 baadaye. Robert Emmons na Michael McCullough walikuwa wameonyesha jambo la karibu na hilo mwaka 2003, kuhusu kuandika mambo ya kushukuru. Faida za mazoezi haya si kubwa na si kwa kila mtu. Lakini tazama yanachodai: andika kilichotokea. Daladala iliwahi, mtoto alikula, mteja wa zamani alirudi. Kichwa hakina cha kubishia, kwa sababu kilikuwepo.

Walioanza na orodha ya matatizo

Kuna mradi mmoja wa Kiafrika unaofaa kuwekwa kando ya kengele ya Waterloo. Harare, Zimbabwe, mwaka 2006, daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda alianza na bibi 14 wa mtaa wa Mbare, wafanyakazi wa kujitolea wa afya ya jamii. Walikaa na wagonjwa kwenye benchi la mbao nje ya zahanati. Mradi unaitwa Friendship Bench, na tangu hapo umefika nchi nyingine, Zanzibar ikiwemo.

Bibi hafungui kikao kwa sifa. Anamtaka mtu ataje yanayomsumbua, yote. Mume amehama na hatumi hela, mwenye nyumba anagonga mlango, dawa za virusi zinamtapisha, mtoto karudishwa nyumbani kutoka shule kwa kukosa ada. Kisha wanachagua tatizo moja tu, linaloweza kusogezwa. Wanatafuta hatua ndogo inayowezekana ndani ya wiki hiyo, mtu anaondoka nayo, na anarudi kueleza imekuwaje. Vikao ni 6.

Mwaka 2016 matokeo yalichapishwa katika JAMA, jarida la chama cha madaktari wa Marekani: watu 573, zahanati 24, nusu ya zahanati zikitoa huduma ya kawaida iliyoboreshwa na nusu zikitoa benchi. Baada ya miezi 6, waliokuwa na dalili za sonona upande wa huduma ya kawaida walikuwa asilimia 49.9. Upande wa benchi, asilimia 13.7.

Mtu akitoka hapo anajisikia anaweza, lakini hakuanza kwa kujiambia anaweza. Alikwenda kwa mwenye nyumba, akaomba wiki mbili, akapewa moja, akarudi kusema. Wiki iliyofuata akichukua hatua nyingine, kichwa chake kina cha kushikilia.

Kwa hiyo kwa anayejipenda tayari na anafurahia kujisemea kila asubuhi, aendelee. Simzuii, na Waterloo hawakumzuia. Kwa anayejisemea na kila mara anasikia jibu baya likirudi, aache, au aruhusu jibu hilo liandikwe nalo. Na kwa ambaye wiki mbili zimepita halali vizuri au analala kutwa, chakula hakipandi, yaliyokuwa yanamfurahisha hayana ladha, au ameanza kuwaza kufa, sentensi haihusiki tena. Huyo apelekwe hospitali ya wilaya au kliniki yoyote yenye mtaalamu wa afya ya akili, na kama ni mawazo ya kufa, apelekwe leo na asiachwe peke yake. Akiulizwa anajisikiaje, aachwe aseme mwenyewe. Ndugu aliyemsindikiza asimkatize kwamba tunaendelea vizuri.